Siku moja maishani mwangu: mhudumu mpya wa afya wodini, Mtwara

Saa 11:00 alfajiri. Adhana inanikuta niko macho. Tangu nianze kazi hii, usiku wa kuamkia zamu ya asubuhi usingizi wangu ni wa mang'amung'amu, na nikiamka viganja vina jasho. Nakunywa chai na mihogo ya kuchemsha hata kama hamu ya kula haipo. Tumbo likiwa tupu mikono hutetemeka zaidi, na mikono ndiyo kazi yenyewe.

Saa 12:45. Bajaji kutoka Magomeni. Dereva anasimulia bei ya korosho mnadani, nami naitikia tu.

Saa 1:30. Tunapokea zamu. Wenzetu wa usiku wanasoma ripoti kitanda kwa kitanda, na hapo ndipo moyo unaponienda mbio kuliko saa nyingine yoyote, maana maneno yanafuatana: huyu dripu yake inakaribia kuisha, yule asipewe chakula, anakwenda thieta kupasuliwa. Naandika yote kwenye kidaftari cha mfukoni. Ripoti ikiisha, namuwahi sista kiongozi wa zamu.

"Shikamoo sista. Bibi wa kitanda cha dirishani ana kiharusi, na sijawahi kumwogesha mgonjwa wa hivyo peke yangu. Naomba tuwe wote."

"Marahaba. Andaa maji, nakuja."

Nikishalisema hilo napata nafuu kubwa. Sisi wageni wa kazi tunaogopa kuonekana hatujui, lakini anayeumia tukijifanya tunajua ni mgonjwa.

Saa 2:00. Vipimo: joto, mapigo ya moyo, upumuaji, presha. Kwanza nanawa kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60 kama utaratibu unavyotaka, na muda huo nautumia kutoa pumzi polepole. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda kasi na vidole vinacheza. Pumzi ndefu ya kutoa huurudisha moyo chini. Mapigo nayahesabu dakika nzima. Nikimaliza siuachi mkono wa mgonjwa. Naendelea kuushika na kuhesabu anavyopumua, kwa sababu akijua unahesabu pumzi zake atazibadilisha bila kukusudia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Mama mmoja presha yake inasoma 190 kwa 110. Simwelezi chochote cha kumtia hofu, wala sisubiri nimalize vitanda vingine. Namwita muuguzi palepale.

Saa 3:00. Bibi wa dirishani. Usoni ana chale za Kimakonde za wazee wa zamani, na upande wake wa kulia hauna nguvu. Niseme ukweli, kinachonitisha hapa ni haya kuliko ugonjwa. Nimelelewa kumwamkia mtu wa umri huu kwa kuinamisha kichwa, leo nimvue nguo?

"Shikamoo bibi. Mimi mjukuu wako, nimekuja kukuogesha. Uniruhusu?"

Ulimi wake mzito, lakini anaitikia kwa kichwa. Tunavuta pazia. Sista ananionyesha: mwili wote unabaki chini ya shuka, unafunua pale unapoosha tu, unakausha, unafunika. Uso kwanza, sehemu za siri mwisho, kwa maji mapya. Kila hatua namwambia kabla ya kumgusa: "Bibi, sasa mkono." Maneno hayo yanamtuliza yeye, na mimi pia, maana nikiwa nazungumza naye sina nafasi ya kujifikiria.

Tunamgeuza wawili, bila kumvuta mkono uliopooza, kwani bega lake linaweza kuteguka. Sista ananitaka nipitishe mgongo wa kiganja kwenye nyonga, visigino na mfupa wa chini ya kiuno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, hivyo unatafuta joto au ugumu usio wa kawaida, ndiyo dalili ya kidonda cha kulalia kinachoanza. Kisigino kimoja kina joto. Tunakiinua kwa mto kisiguse godoro, naye sista anakiandika kwenye faili. Gauni tunaanza na mkono mgonjwa, kisha ule mzima.

Saa 5:00. Saa mbili zimepita, tunamgeuza tena. Safari hii mimi ndiye ninayetoa maelekezo, na sauti haitetemeki.

Saa 6:30 mchana. Binti yake ameleta uji na anataka kumlisha akiwa amelala. "Dada, tumkalishe kwanza, uji usije ukaingia njia ya hewa." Kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, ameze ndipo apewe kingine. Akishiba anabaki amekaa kama nusu saa hivi. Nawaonyesha ndugu bila kuwakemea. Nao wana hofu kama yangu, tena wao hawana sista wa kumuuliza.

Saa 8:00. Mashuka, taka, sakafu. Sindano zinakwenda kwenye boksi la vyenye ncha kali, pamba zenye damu kwenye ndoo yake.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu. Nasoma kutoka kwenye kidaftari: kisigino cha bibi, amegeuzwa saa ngapi, amekunywa uji kiasi gani. Muuguzi anayepokea ananiuliza kisigino kipi. Namwambia cha kulia, tunakwenda kukishika pamoja.

Wiki ijayo nimepangiwa wodi ya wazazi. Nimeshamwomba mkunga wa zamu nisimame naye kwanza.