Mbona Hawakai Huku Huku?

Malindi, mwanzo wa Aprili

Kaskazi inakwisha, na kule hori ya Mida vitwitwi, ndege wadogo wa ufuoni, wamebadili rangi. Waliokuwa kijivu mwezi wa Desemba sasa vifua ni vyekundu kama tofali. Ukienda na watoto, waonyeshe hilo kwanza, maneno baadaye.

Mtoto akiuliza kwa nini ndege huhama, wengi humjibu kwamba wanakimbia baridi. Haitoshi. Manyoya humkinga ndege na baridi kiasi chake, njaa hayaizuii. Kule Siberia wanakozaliwa, karibu na ncha ya dunia, ardhi huganda ikawa jiwe, na mdomo wa kuchokoa wadudu hauingii. Mpe mtoto kijiti achome tope maji yakipwa, kisha nyumbani achome barafu ya friji. Ataelewa mwenyewe.

Swali gumu ndilo linalofuata: chakula kipo, mbona hawakai huku huku? Juni na Julai kwao jua halitui kabisa, mbu na visubi wamejaa, na nafasi ya kutagia ni tele. Kifaranga hula saa zote, maana usiku haupo.

Kabla ya safari kitwitwi hula mpaka mafuta yakajaa chini ya ngozi. Mwenye gramu 60 huweza kuongeza nusu ya uzito wake, na hayo mafuta ndiyo petroli ya njiani. Kwa hiyo watoto wasiwafukuze ili wapigwe picha wakiruka. Kila mruko unachoma akiba, na maji yakijaa hakuna tena pa kulia. Wachache wa kijivu mtakaowakuta Juni si wagonjwa. Aghalabu ni wa mwaka wa kwanza, bado hawajafikia kutaga.

Ukifika kwenye kuhama kwa watu, anzia baharini. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, yameleta tende, yakangoja kusi iyarudishe na boriti za mikoko ya Lamu. Wavuvi nao huenda dago: hupiga kambi ufuo wa mbali samaki wakiwa wengi, msimu ukiisha wakarudi kwao. Hapo mfano wa kitwitwi unafaa.

Wabajuni wa upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, waliokimbia vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya miaka ya 1960, hawakungoja upepo wowote. Usimfunze mtoto habari yao kwa mfano wa ndege. Akiuliza walirudi lini, mwambie kweli: wengine hawakurudi.