Paukwa, pakawa, halafu besi

Mtwara, Jumapili usiku, mwisho wa Januari

Mvua haijakatika tangu adhuhuri, na bati likinguruma hivi hakuna mazoezi: sauti ya mtambaji haifiki hata mstari wa pili. Basi ni usiku wa kupanga ratiba ya vijana watakaojifunza kutamba hadithi kwa jazi. Vikao 8, kila kimoja dakika 90, vijana 20 hadi 24, hadithi moja ya dakika 10. Mwezi wa pili unafaa. Oktoba hadi Desemba haufai kabisa, kwani mtoto wa Newala au Tandahimba yuko chini ya mkorosho anaokota, na kundi lisilotimia haliwezi kuitikiana.

Neno "jazi" lenyewe lina utata wake. Ukitamka "jazi" huku Kusini, mzee atakutajia Kilwa Jazz au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na miguu itaanza kukumbuka dansi. Jina ni lile lile, lakini bendi zile zilipiga zaidi rumba, iliyotoka Kuba ikapitia Kongo. Jazi ya New Orleans, Marekani, ina mwendo wake. Utata huu usifichwe. Kikao cha kwanza kianze nao, vijana wasikilize rekodi mbili na waseme wenyewe tofauti iko wapi. Kwa kawaida hutaja ngoma kwanza, na hapo ndipo mlango ulipo.

Kosa kubwa la walimu wa muziki ni kuanza na skeli, yaani nota zilizopangwa kwa ngazi. Kijana akipewa nota tano kwa mkupuo atazipanda na kuzishuka kama ngazi ya mnazi, na hakuna atakachosema. Aanze na hadithi, kwa sababu utambaji wetu tayari una mifupa ya jazi. Mtambaji anaita "Paukwa!", watu wanaitika "Pakawa!" Kuna wimbo ndani ya hadithi ambao kila mtu anaujua. Katikati, mtambaji anaweza kurefusha, kukatisha, kumwongezea fisi mjomba asiyekuwapo jana, ilimradi arudi kwenye wimbo wakati wake ukifika. Mpiga tarumbeta wa jazi hana ruhusa kubwa kuliko hiyo.

Mwendo wa kubembea wa jazi, unaoitwa "swing", ndio unaowashinda wengi, hasa waliolelewa kwenye kwaya, maana wamezoea kugawa pigo katika nusu mbili sawa. Kwenye jazi pigo linagawanywa takribani thuluthi mbili kwa moja, ndefu kisha fupi. Maelezo ya hesabu hayasaidii. Majina yanasaidia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "FI-si" inaangukia juu ya pigo, ndefu kisha fupi. "Su-NGU-ra" ni tofauti: "su" inatangulia kabla ya pigo, "ngu" inalikalia, "ra" inafuata kwa ufupi. Sungura anawahi, fisi anaanguka. Wape dakika 15 za kutamka majina hayo mawili tu juu ya makofi, na utausikia mwendo ukija wenyewe. "Korosho" inafanya kazi ile ile ya sungura.

Makofi yawe kwenye pigo la 2 na la 4, miguu kwenye la 1 na la 3. Vijana wataanza kinyume, na ukiwasahihisha kwa mdomo watachanganyikiwa zaidi. Waache watembee kwanza, kisha mkono uingie mguu unapokuwa hewani. Kosa la pili ni kuifupisha mno nota fupi, mwendo ukawa wa punda anayechechemea. Hapo warudishe kwenye kutamka. Kasi ikipanda, ndefu na fupi hukaribiana. Ndiyo maana ni heri kuanza na mapigo 96 kwa dakika na kubaki hapo.

Umbo la wimbo ni bluzi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Mistari ni mitatu: wa kwanza unasema, wa pili unarudia, wa tatu unajibu.

Fisi kalala njaa, mlango kaufunga,
Fisi kalala njaa, mlango kaufunga,
Kumbe sungura ndani, nyama anaichunga.

Kila mstari una vipimo vinne, lakini maneno yanajaza viwili na kidogo. Vilivyobaki ni vya chombo au kiitikio kujibu. Vijana hupenda kuvijaza kwa kurefusha neno la mwisho, na wimbo ukishajaa hivyo hakuna tena mazungumzo. Hapa niko mkali kuliko mahali pengine popote: neno likiisha, mdomo ufungwe.

Kwa kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ukianzia C: vipimo vinne vya C, viwili vya F, viwili vya C, kisha kimoja cha G, kimoja cha F, viwili vya C. Watu hupotea kwenye cha 9, kwa sababu masikio yameshazoea kukaa C. Dawa yake ni jukwaa lenyewe. Chora sakafuni kwa chaki vyumba 12, safu tatu za vinne, mwigizaji atembee chumba kimoja kwa kila kipimo. C ni nyumbani, F ni safarini, G ni hatarini. Fisi akikanyaga chumba cha 9 mwili wake ubadilike, na mpiga besi amwangalie yeye, asihesabu. Besi yenyewe ianze na nota moja kwa kila pigo: C, E, G, A, ikifika F iwe F, A, C, D, ikifika G iwe G, B, D, E. Kama hakuna gitaa la besi, wavulana waliokwisha vunja sauti waimbe sehemu hiyo. Umeme ukikatika, hao ndio watakaobaki.

Mzunguko mmoja wa vipimo 12 kwa kasi ya 96 ni sekunde 30 kamili. Dakika 10 ni mizunguko 20. Mgawo unaofaa ni miwili ya wimbo mwanzoni, miwili mwishoni, minane mtambaji akisema juu ya muziki wa chini, na minane ya waigizaji kupokezana na vyombo.

Kupokezana kuwe kwa vipimo vinne, yaani sekunde 10, nazo ni ndefu sana kwa mtoto asiye na la kusema. Kwa hiyo asipige kabla hajaulizwa. "Fisi, nyama iko wapi?" Kwanza ajibu kwa maneno. Kisha apige makofi ya jibu lake. Kisha alipige kwa nota moja, do peke yake, yaani ile C ya nyumbani. Kikao kinachofuata aongeze mi iliyoshushwa nusu toni, kile cha baadaye so. Nota tatu zinatosha hadi onyesho. Asiye na chombo aimbe silabi tupu. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alirekodi hivyo mwaka 1926, na mtindo ukaenea.

Armstrong mwenyewe ni hadithi ya pili, ikibaki nafasi. Alizaliwa New Orleans mwaka 1901. Usiku wa kuukaribisha mwaka 1913, akiwa na miaka 11, alifyatua bastola mtaani, akakamatwa, akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebisha watoto, na humo ndimo alimofundishwa vizuri tarumbeta fupi. Vijana hawahitaji kuelezwa kwa nini igizo hilo lina uzito.

Jambo moja la kuangalia. Wapo watakaoleta nyimbo za unyago au kutaka kucheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kwa sababu ni muziki mzito na uko karibu. Hapana. Vina wenyewe na vina mahali pake. Sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, ni ya hadharani, ichukuliwe.

Siku ya onyesho hitilafu kubwa ni mbili. Ngoma hukimbia hadithi inaponoga, kwa hiyo mmoja apewe chupa na kijiko, asiigize, asiimbe, asimtazame fisi. Kazi yake ni pigo tu. Na mtambaji humezwa. Akae mbele, ngoma nyuma yake, zipigwe kwa vidole anaposema, kiganja kirudi kwenye wimbo. Mwisho pia hulegea, kila mtu akiacha kwa wakati wake. Sentensi "hadithi yangu imeishia hapo" isemwe kwenye kipimo cha 11, na kodi ya mwisho ipigwe kwenye pigo la kwanza la cha 12, kisha kimya.

Kwa unyevu huu ngozi za ngoma zote zimelegea. Makuti makavu yako chini ya kibaraza. Kama mvua itakatika, robo saa ya moto itatosha kabla vijana hawajafika.