Siku moja maishani mwangu: fundi wa siti za mtu mmoja

Saa 2 asubuhi. Pikipiki ya kwanza imeshaingia. Mwenyewe anadai siti ni ngumu, nimwekee sponji laini. Wengi huanza hivyo, kumbe mara nyingi iliyopo ndiyo laini mno: inabonyea mpaka mifupa ya makalio inagota kwenye bati la chini. Naikandamiza kwa kidole gumba. Kikifika kwenye bati bila taabu, hiyo sponji imekufa.

Saa 3. Vipimo. Natandika kipande cha boksi juu ya benchi, mteja anakaa dakika moja, akinyanyuka anaacha mabonyeo mawili. Kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine aghalabu ni sentimita 10 hadi 14. Siti ibebe yote mawili na ibakize nafasi pembeni. Anayeendesha akiwa wima anahitaji upana zaidi kuliko anayeinamia tangi, kwa sababu uzito wote unamshukia nyuma. Mbele lazima iwe nyembamba; ukiipanua, mapaja yanatanuka na miguu haifiki chini.

Saa 5. Kuna anayetaka siti ya springi kwa sababu inapendeza. Inapendeza kweli. Lakini springi zile hazina cha kuzituliza, na pikipiki yenye shokapu nyuma itamdundisha mara mbili. Kwa fremu isiyo na shokapu, sawa, mradi akikaa bati lisiguse madigadi.

Saa 6 mchana nakata sponji: nzito chini, sentimita 3 hivi, na tabaka laini juu lisilozidi sentimita 1 na nusu. Gundi napaka pande zote mbili, nangoja isinate kidoleni, ndipo naunganisha. Haifiki ukingoni mahali nitakapochonga, maana ikikauka hutengeneza mgongo mgumu unaousikia kupitia suruali. Jeli, ile pedi laini inayonesanesa, sipendi kuiweka juu kabisa. Pikipiki ikianikwa juani, inachoma.

Saa 8. Kabla ya kuivalisha siti ngozi, mteja anaendesha pikipiki nayo nusu saa nzima. Dakika mbili za kukaa dukani hazisemi kitu. Akirudi analalamika anateleza kuelekea tangi, nainua pua ya siti, ncha yake ya mbele, kidogo sana, milimita chache. Ukizidisha, ganzi inaingia sehemu za siri.

Saa 10. Kuvalisha. Nailoni nyembamba juu ya sponji, kisha ngozi bandia. Mshono haupiti inapokaa mifupa: unaumiza, na matundu ya sindano yanapitisha maji. Naanza na pini ya stepla ya katikati nyuma, navuta mbele, halafu kushoto na kulia kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mikunjo haiondoki. Bati la chini likiwa la plastiki, natumia pini za milimita 6. Ndefu zaidi hutokeza upande wa pili.

Saa 12 jioni nafunga bolti kwa gundi ya kuzuia kulegea. Mteja akazikague tena baada ya safari ya kwanza.