Mti Unaotamanika kwa Macho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni Mwanzo 2:8-15, na ningependa tusimame kwenye mstari wa tisa, ambao mara nyingi tunaupita haraka ili tuufikie ule mti uliokatazwa. Mstari huo unatueleza kwamba Mungu alichipusha katika ardhi kila mti "unaotamanika kwa macho", na baada ya hapo ndipo unapotaja kufaa kwake kwa kuliwa. Macho yametangulia tumbo. Sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo kila pembe ya uwanja ilitakiwa kujibu swali la nini kitapikwa jioni, tunapaswa kuusoma mstari huo polepole, kwa sababu unatuonyesha kwamba uzuri wa kutazamwa ulikuwamo katika bustani ya kwanza kabla dhambi haijaingia duniani, na kwamba aliyeipanda bustani hiyo hakuona haja ya kuutolea uzuri huo sababu yoyote.

Nimelitafakari neno hili nikiwa nimepiga magoti uwanjani kwangu hapa Tabora, katika mwezi huu wa Oktoba ambapo ardhi yetu imekaa karibu miezi sita bila mvua ya maana. Mnaoijua ardhi ya huku mnajua ugumu wake: ni kichanga chepesi, ukikimwagilia ndoo nzima alfajiri, kufika saa sita mchana ni kana kwamba hukumwaga kitu. Hata hivyo, ukitoka nje ya mji kidogo tu, utaona msitu wa miombo umeanza kuchipua majani mapya, mengine mekundu kabisa na mengine ya rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla tone la kwanza la Novemba halijaanguka. Miti hiyo hunywa maji iliyoyafuata chini sana kwa mizizi yake. Hakuna mtu anayekula majani yale mekundu, na mwenye kuyapaka rangi hiyo kila mwaka hajachoka.

Bustani yangu ni ndogo, hatua kumi na mbili kwa nane, kati ya mlango wa jikoni na ua wa minyaa. Mwaka wa kwanza niliipanda kwa bidii nyingi na maarifa machache. Nilipata miche minne ya waridi, nikaitia samadi, kisha nikaifunika kwa nyasi kavu hadi kwenye shina kabisa, nikiamini kwamba kadiri matandazo yanavyokuwa mengi ndivyo unyevu utakavyodumu. Baada ya majuma matatu nilishika mche mmoja kwa vidole viwili, ukaja mkononi wote bila kupinga, kwa sababu chini ya nyasi zile mchwa walikuwa wamejenga vijia vyao vya udongo na kulitafuna shina pande zote. Iliyobaki mitatu ilifuata. Niliumia kuliko nilivyotarajia mtu kuumia kwa ajili ya maua, na kwa siku kadhaa sikutaka hata kupitia upande ule.

Aliyenirudisha bustanini alikuwa fundi wa matofali. Nilimkuta akichimba kichuguu kilichoachwa na mchwa, na nilipomuuliza kwa nini anahangaika na udongo ule wakati ardhi iko kila mahali, aliuponda mkononi, akautia maji kidogo, akaufinyanga ukawa kidonge kigumu, akanipa. Ule ni udongo wa mfinyanzi ambao mchwa huupandisha kutoka chini, chembe kwa chembe, na kichanga chetu hakina kitu kama hicho. Niliomba debe sita. Nimeuchanganya na samadi iliyooza vizuri pamoja na majivu ya jikoni, na tangu hapo maji hukaa kwenye matuta yangu hadi jioni. Wadudu wale wale walioniangamizia waridi ndio walionitengenezea udongo unaolikuza waridi la sasa. Nyasi bado ninaziweka, lakini naacha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina, na kila Jumamosi ninaifukua kidogo kuangalia. Maneno mawili ya mstari wa kumi na tano, "ailime na kuitunza", nadhani niliyaelewa siku ile nikiwa nimeshika kile kidonge: kulima nilikuwa nimelima, ila kutunza kunataka kwanza uijue ardhi uliyopewa pamoja na wote wanaoishi ndani yake.

Yapo mengi ya kusema juu ya mpangilio, nami nakiri kwamba hapo ndipo furaha yangu inapozidi. Nililaza matofali ya kuchoma kimshazari, nusu yake ikiwa ardhini, ili kutenga tuta na njia. Mirefu nimeiweka nyuma: mpapai mmoja, na bugenvilia ya zambarau inayopanda juu ya ukuta wa bafu la zamani. Mbele yake kuna waridi, na mbele ya waridi kuna mrehani, ambao nimeupanda chini ya dirisha la chumba tunachofanyia sala ya jioni, kwa kuwa upepo wa saa kumi na mbili hutokea upande huo na kuingiza harufu yake ndani. Mchaichai uko pale yanapomwagwa maji ya kusuuzia vyombo. Nyuki huja kwenye maua madogo meupe ya mrehani tangu jua linapochomoza, na katika mkoa unaosifika kwa asali kama wetu, huwezi kuwaona wageni hao bila kushukuru.

Ukingoni mwa njia nilipanda kwa zamu, mche wa maua na mche wa mchicha, kisha maua tena na mchicha tena. Wazo hilo nililipata katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, palipoelezwa pindo la joho la Haruni: njuga ya dhahabu na komamanga, njuga ya dhahabu na komamanga, kulizunguka pande zote. Sura tatu mbele tunasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, roho yake ili abuni kazi za ustadi. Basi Roho yule tunayemwomba kwa ajili ya mahubiri na uponyaji alishuka pia juu ya mtu aliyekuwa akichagua rangi ya uzi. Nimekuwa nikiomba nikiwa na jembe mkononi tangu nilipouona mstari huo, wala sioni haya.

Baadhi yetu husema, "Hii ni nyumba ya kupanga, nipande ili nimfaidie nani?" Ninaielewa hoja hiyo, maana nami nimepanga kwa miaka mingi. Lakini Yeremia 29 iliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, katika nchi ya waliowashinda, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoambiwa ni kupanda bustani. Sisi wa Tabora tunaketi kila siku chini ya miembe, mti uliosambaa huku ukifuata njia ya misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji, njia iliyopitisha pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo. Kivuli hicho kina historia nzito. Kina pia mikono ya watu waliofukia kokwa mahali ambapo hawakutazamia kurudi. Kwa mpangaji anayehofia kuhamishwa, makopo ya rangi yaliyotobolewa chini hufaa kabisa, na siku ya kuhama yanapakiwa pamoja na vyombo.

Jirani yangu, bibi mmoja ambaye hunisalimu "Mwangaluka" kabla sijawahi kumwamkia, alisimama nje ya ua mwaka jana akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hayo maua mnayala?" Nilijibu, "Hapana, bibi, tunayatazama." Alitikisa kichwa akaenda zake, nami sikuongeza neno, kwa kuwa amelea watoto tisa kwa jembe la mkono na ana haki ya kuuliza.

Jumatano ya juma hili alirudi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa juu ya matofali ya ukingo bila kusema lolote kwa muda, akiitazama bugenvilia ukutani. Kisha akafunua khanga yake, akatoa kopo la mafuta ya kupikia, kuukuu lakini limeoshwa. Alikuwa amekwisha kulitoboa chini matundu matano kwa msumari. Nilimkatia kipande cha urefu wa kalamu, mkato wa mshazari, nikakiangalia kama kina macho ya kutosha, na tukakipanda pamoja katika udongo wa kichuguu.