Nyumba ya Rehani na Deni la Kadi

Somo: Nehemia 5:1–13

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa haujakamilika bado watu walipomlilia Nehemia, msimamizi wa ujenzi. Safari hii hawakulalamika juu ya Sanbalati wala Tobia, maadui wa ujenzi ule; walilalamika juu ya ndugu zao wenyewe. Wengine walisema wana watoto wengi na hawana ngano. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha wailipe kodi ya mfalme. Soma tena mistari ile mitano ya kwanza uone: chakula, watoto, kodi. Hakuna aliyetajwa kuwa alikopa kwa anasa.

Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu kuna swali ambalo limenijia kutoka kwa zaidi ya nyumba moja katika ushirika wetu hapa Marekani, na kila anayeliuliza hushusha sauti kana kwamba anaungama dhambi. Swali lenyewe ni hili: je, niombe nisitishiwe malipo ya nyumba kwa miezi kadhaa, ili pesa hiyo nimalizie madeni ya kadi?

Najua kadi zetu zilivyojaa. Ni tiketi ya kwenda kumzika mama. Ni ada ya mdogo wako aliye chuoni. Ni gari lililokufa katikati ya baridi, na bila gari huendi zamu. Ni michango ya misiba mitatu ndani ya mwezi mmoja. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini wengi wetu tulikopa tukiwa matangani tayari. Kwa hiyo sitamkemea mtu hapa.

Wala anayeuliza si mjinga wa hesabu. Aliyenunua nyumba mwaka 2020 au 2021 huenda riba yake haifiki asilimia 3 au imeipita kidogo tu. Riba ya kadi, kwa takwimu za Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, mwaka 2024 wastani wake ulipita asilimia 21. Nehemia aliwakasirikia wakuu kwa kuwatoza ndugu zao sehemu ya mia, ambayo wafasiri wengi huielewa kuwa ya kila mwezi, yaani 12 kwa mia kwa mwaka. Kadi iliyo mfukoni mwako inakaribia kutoza mara mbili ya kile kilichomfanya mtu wa Mungu aitishe mkutano mkubwa. Ukihisi unaliwa, unaliwa kweli.

Basi tuseme unadaiwa dola 14,000 kwenye kadi kwa riba ya asilimia 24. Riba peke yake ni kama dola 280 kwa mwezi. Malipo ya nyumba ni 1,900. Ukisitishiwa miezi sita, mkononi unabaki na 11,400, na ghafla mlima unaonekana kilima. Lakini zile 11,400 hazijasamehewa. Zimesogezwa tu, na namna zitakavyorudi inategemea aina ya mkopo wako na mnayokubaliana. Kuna wanaotakiwa kulipa zote kwa mkupuo. Kuna wanaogawiwa kwa mwaka mmoja, na hapo 1,900 inakuwa 2,850 kila mwezi kwa miezi 12. Mikopo iliyo chini ya Fannie Mae, Freddie Mac au FHA, mashirika yanayonunua au kudhamini mikopo ya nyumba, ina njia za kuyapeleka malipo yaliyorukwa mwisho wa mkopo, ila zina masharti, wala haziji zenyewe. Kodi ya nyumba na bima, ambazo wengi wetu hulipa ndani ya malipo yale yale, hazisimami kwa sababu wewe umesimama. Na kusitishiwa kunaweza kuandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo. Yote haya uliza kabla, upate majibu kwa maandishi.

Liko jambo zito kuliko hesabu. Kadi haikushika kitu chako. Wenye kadi watapiga simu, watakuharibia rekodi, wanaweza hata kukupeleka mahakamani, na hayo yanauma. Lakini aliyekukopesha pesa ya nyumba ameshika nyumba yenyewe. Ukishindwa naye, anaiuza. Ndiyo maana ushauri wangu, kwa mtu ambaye bado ana uwezo wa kulipa, ni kwamba nyumba itangulie. Usichukue deni lisilo na dhamana ukaliegemeza juu ya paa wanalolala watoto.

Tena kuna neno lako. Tarehe 27 Machi 2020 sheria ya CARES ilitiwa sahihi, na wenye mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali kuu wakaruhusiwa kusitisha hadi siku 180, na kuomba 180 nyingine, kwa kutamka tu kwamba wamepatwa na shida kwa sababu ya korona. Wengi waliokolewa na mlango ule, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Habari yake bado inazunguka kati yetu kana kwamba uko wazi vile vile. Umefungwa. Leo utaulizwa shida yako ni nini, na huenda ukatakiwa kuonyesha mapato.

Hapo ndipo imani yetu inapopimwa, wapendwa. Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Kama umepoteza kazi, umepunguziwa saa, umeugua, umefiwa na mwenzi mliyekuwa mnasaidiana kulipa, sema hivyo bila kuinamisha uso. Msaada huo uliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe, na kuuomba si ukosefu wa imani. Ila kama mshahara ni ule ule, na unachotaka ni kuhamisha deni kutoka mfuko huu kwenda ule, usitie jina lako chini ya maneno ya shida usiyokuwa nayo. Nimesikia watu wakifundishana la kusema kwenye simu ile. Nawasihi tuache. Hatuwezi kuomba Jumapili Mungu atutoe utumwani, na Jumatatu tukauvunja mnyororo kwa uongo.

Basi anza wapi? Anza na kadi, maana ndiyo inayokutafuna. Mithali 6 inamwambia aliyenaswa na ahadi ya kinywa chake aende, anyenyekee, amsihi jirani yake, wala asiyape macho yake usingizi kabla hajafanya hivyo. Piga simu kwa wenye kadi wakati bado hujachelewa, uwaulize kama wana mpango wa kupunguza riba kwa mtu aliyekwama. Mara nyingi wanao, ila hawautangazi. Washauri wa madeni wasiotafuta faida, wale walio chini ya NFCC, muungano wa kitaifa wa washauri hao, wanaweza kukupangia malipo ya pamoja, kwa kawaida ya miaka mitatu hadi mitano, kwa riba iliyopunguzwa. Kadi zitafungwa, na kusema kweli hiyo ni sehemu ya uponyaji. Angalia pia taarifa yako ya kila mwezi: tangu sheria ya mwaka 2009, inapaswa kukuonyesha ukilipa kile kiasi cha chini utamaliza lini, na ulipe ngapi ili umalize kwa miezi 36. Wengi hatujawahi kukisoma kisanduku kile. Kisome ukiwa na mke wako au mume wako mezani, siyo peke yako usiku.

Jihadhari na anayekwambia uache kulipa watu wote na umtumie yeye, huku akidai ada kabla hajafanya lolote.

Na wewe ambaye tayari umechelewa kulipa nyumba, nakuomba kwa machozi, fungua zile barua. Kwa kawaida, kanuni ya serikali kuu inamzuia anayekusanya malipo kuanza hatua za kuinadi nyumba kabla hujachelewa zaidi ya siku 120. Siku hizo ni za kuzungumza. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, humsaidia bila malipo mtu aliye hatarini kupoteza nyumba. Kama Kiingereza kinakutisha kwenye simu, omba mkalimani, au njoo tukae pamoja nikiwa kando yako. Kinachoniumiza ni familia ambazo sisi wengine tunasikia habari zake baada ya nyumba kwenda, ilhali tulikuwa tunashikana nao mikono kila Jumapili. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio hicho huwafikia watoto kwanza.

Lakini sitaki kumwekea mzigo mwenye deni peke yake, maana Nehemia hakufanya hivyo. Alipowaita wakuu alikiri mbele yao kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakiwakopesha watu fedha na ngano. Kisha akasema, tuache riba hii. Alijihesabu ndani ya tatizo.

Nasi tujihesabu. Ile orodha ya michango tunayoituma kwenye kundi, majina na kiasi, na tiki mbele ya aliyetoa, imewafanya ndugu zetu wachukue pesa kwenye kadi ili jina lao lisionekane tupu. Wametuambia wenyewe. Nawaomba wazee wa ushirika, kuanzia msiba ujao, tutangaze jumla tu, bila majina. Mweka hazina abaki na orodha yake. Na anayesema mwezi huu sina, ajibiwe "pole, ndugu, tunakuombea," na mazungumzo yaishie hapo.