Mapigo Gizani

Babu yangu mzaa mama alikuwa dresa katika kikosi cha utabibu cha jeshi la Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na katika miaka yote niliyoishi naye Songea sikumsikia hata mara moja akijiita askari. Alijiandikisha kwa hiari mwaka 1942, akafundishwa kufunga vidonda, kupiga sindano na kugawa vidonge vya mepakrini, vile vya kukinga malaria vilivyogeuza ngozi kuwa ya manjano. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu kuelekea Kalewa, kwenye mto Chindwin, mvua zikinyesha bila kukoma. Magari yalikwama topeni, na majeruhi wakabebwa kwa machela.

Jambo aliloniachia ni la usiku wa bonde lile. Kuwasha taa kulikuwa kuwaonyesha Wajapani pa kulenga, kwa hiyo babu alipita gizani kutoka machela moja hadi nyingine, akishika vifundo vya mikono na kuhesabu mapigo ya mshipa, na kwa vidole vitatu alijua nani anahitaji maji, nani ana homa, na nani amekwisha kuondoka.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka 16, aliugua kifua na mimi nikapewa zamu ya kumlinda usiku. Usiku wa tatu aliniambia, “Zima taa, mjukuu wangu, nikufundishe.” Akaviweka vidole vyangu mahali panapostahili, chini ya kidole gumba chake, akanionya nisibonyeze sana, kwa maana mshipa ukibanwa hunyamaza. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu nilifika tisini na sita, naye akasema, “Ndivyo,” kwa sauti ya mwalimu aliyeridhika, nami nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia alama yoyote ya shule.

Nilibaki nimemshika. Alfajiri, kabla jogoo hawajawika, mapigo yalianza kuruka, moja likija, jingine likikawia, hata nikawa nahesabu vituo vya katikati badala ya mapigo yenyewe. Kisha nikangoja pigo ambalo halikuja. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu kabla ya kunyoosha mkono kutafuta kiberiti.