Zambarau ya Mwalimu

Juzi binti yangu aliichukua simu yangu, akaikodolea macho picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi la huko angani, niliyoiweka kwenye kioo, kisha akauliza, “Baba, kweli huko juu kuna zambarau?” Swali hilo lilinirudisha kwenye duka la steshenari, kwenye ile kompyuta ya kona, jioni niliyokuwa nikimtengenezea Mwalimu bango la klabu ya sayansi.

Alitaka mandhari inayofanana na Nguzo za Uumbaji, ile picha ya Nebula ya Tai iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, lakini hakutaka ya kunakili. Nilifungua GIMP, programu ya kuhariri picha, nikajaza tabaka la chini kwa weusi mtupu, na juu yake nikazalisha ukungu wa kijivu. Kisha nikachukua kifutio chenye kingo laini, nikakipunguza nguvu, nikawa ninaumega ukungu ule polepole hadi zikabaki nyuzi zilizosokotana kama moshi wa ubani. Hapo ndipo nilipoongeza tabaka la rangi, nikaliwekea mtindo wa kuchanganya unaopaka penye mwanga tu na kuliacha giza libaki giza. Zambarau ikashika kwenye kingo za moshi, waridi ikafuata katikati, na kijivu kilichokuwa kimelala kikapata kina ghafla. Nyota nilizinyunyiza mwisho, ndogo nyingi na kubwa chache, maana kubwa zikizidi jicho halijui litue wapi.

Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akauliza, “Kijana, hiyo zambarau ni gesi gani?”

“Ni rangi niliyoipenda tu, Mwalimu.”

Akavuta kiti. Akanieleza kwamba kamera ya Hubble hupiga picha zisizo na rangi, mojamoja kupitia vichujio, na kwamba katika picha ile salfa ilipewa nyekundu, hidrojeni kijani na oksijeni bluu, ingawa kwa asili mwanga wa hidrojeni na wa salfa uliopigwa pale ni wekundu unaokaribiana.

“Kumbe nao walichagua?”

“Walichagua, ila wana sababu.”

Jibu hilo lilinikera kidogo, kwa kuwa hata leo naona kwamba uzuri nao ni sababu. Tulirekebisha rangi, bango likachapwa, likabandikwa. Chini yake tuliandika kwa herufi ndogo kila rangi na gesi yake. Zambarau aliniruhusu niibakize pembeni, lakini hatukuiandikia kitu. Nilisikia baadaye kuwa hakuna mwanafunzi aliyeuliza, na sijui kama hilo lilimfurahisha Mwalimu au lilimuudhi.